Choo cha Chini ya Ngazi

Kiharusi kilimwangusha Bibi Benadetha shambani Maguu, katikati ya msimu wa kuchuma kahawa, kikamwacha na mguu mmoja usiosikia amri. Mwanawe Hamphrey akamleta Mbinga mjini, kwenye nyumba yake ya ghorofa. Vyoo vyote vilikuwa juu. Kila alipobanwa, Lidia, mke wa Hamphrey, alimkokota ngazi moja baada ya nyingine huku akisonya.

Hatimaye fundi Kilian akaitwa aweke choo kwenye stoo ya chini ya ngazi, ambamo bibi alikuwa ametandikiwa kitanda. Kilian alifunua chemba ya majitaka ya nje, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Kaka, nikiunga choo hiki kwenye bomba linaloshuka kutoka juu, siku likiziba uchafu wote utatokea hapa kwa mama. Kipate njia yake mpaka shimoni."

"Inapita wapi?" Hamphrey aliuliza.

"Hapa uani. Tutang'oa haya matofali ya pevingi."

"Pevingi nimepanga juzi kwa ajili ya Komunio ya mwanangu! Unga hapo hapo."

Benadetha aliyasikia yote kutoka kitandani. Alitamani mno kujifungia mlango peke yake, na kwa wiki tatu alijifungia. Alijikongoja kwa kushika ukuta, akamaliza haja yake bila kusonywa na mtu. Raha aliyoiona humo hakumsimulia yeyote.

Jumapili ya Komunio nyumba ilifurika wageni, na huko juu watu wakapanga foleni chooni. Mchana, sinki la choo cha bibi likaanza kukoroma. Maji meusi yakapanda, yakamwagika, yakaizunguka miguu ya kitanda.

"Lidia! Hamphrey!"

Muziki ulimmeza. Akajaribu kuinuka, akateleza, akaanguka humo humo.

Lidia alipofungua mlango, alijiziba pua kwa kitenge.

"Vumilia, mama. Padri ndiyo kwanza anakula."

Akafunga kwa ufunguo, kisha akasokomeza taulo chini ya mlango harufu isitoke.

Huko juu waliendelea kuvuta maji ya choo. Kila walipovuta, Benadetha aliinua kidevu yasimfike mdomoni. Alimsikia mjukuu wake akiimbiwa na kupigiwa vigelegele. Alipochoka kuita, akaanza kuomba wageni waondoke. Walimtoa saa kumi na mbili jioni, mgeni wa mwisho alipokwisha kuaga.

Kesho yake Kilian alirudi na sururu.

"Sasa tung'oe pevingi, kaka?"

"Ng'oa choo," alisema Hamphrey. "Uzibe na bomba lake."

"Na mama je?"

"Lidia amekwenda kumnunulia nepi."

Benadetha alikuwa kwenye kiti cha plastiki, hatua mbili kutoka waliposimama, ameogeshwa na kupakwa mafuta.

"Hamphrey," alisema, "mimi nasikia."

"Najua, mama," Hamphrey akajibu bila kugeuka, akamwonyesha fundi pa kuanzia kuvunja.