Mkono Usiokunywa

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, wanaume waliotaka kuachana na gongo walikutana Butiama, katika ghala la pamba lililokosa pamba. Ulikuwa mwaka 1987. Sabuni zilikuwa zimeanza kurudi madukani na mitumba kujaa sokoni Musoma, lakini gongo haikuwahi kuadimika hata siku moja. Getruda, muuguzi aliyewaongoza, aliwaachia desturi yao: mwanaume haingii na fimbo kwenye mazungumzo ya amani. Fimbo zote ziliegeshwa mlangoni.

Alhamisi ya tatu Keraryo aliegesha fimbo yake, kisha akashika mkono wake wa kulia kwenye kifundo, akauzungusha mara mbili, ukatoka. Akaulaza juu ya zile fimbo.

"Huu ndio unampigaga Boke, mama," alisema. "Mimi mwenyewe sina shida naye."

Wenzake wakapiga makofi. Getruda alitazama kama kuna damu, haikuwapo. Akaufunika kwa kitambaa kwa ajili ya nzi, na baada ya mazungumzo akaufungia kwenye kabati la dawa.

Miezi mitatu Keraryo hakuonja kitu. Getruda kichwa kikamvimba, akaenda mwenyewe Bunda, kwa kaka zake Boke, alikokimbilia mke huyo wa Keraryo baada ya kuvunjwa mbavu. Aliwaambia kwamba shetani alikuwa gongo, na gongo imekwisha.

"Na mkono?" Boke aliuliza.

"Nimeufungia mimi mwenyewe. Twende, mwanangu."

Wakarudi pamoja.

Jumapili ya pili, asubuhi, mkono ulivunja kufuli, ukashuka kabatini na kwenda kwa vidole maili nne hadi shambani. Waliotoka misa ya kwanza waliupisha njia, na wale waliokuwa wadogo kwa Keraryo waliuamkia. Boke alikuwa akipalilia. Ulimvunja taya, ukamng'oa meno mawili, ukamkaba koo mpaka akajikojolea, kisha ukarudi zake kabatini. Muda huo wote Keraryo alikuwa kanisani, misa ya pili, benchi moja na Getruda, akiimba sauti ya pili.

Getruda aliunusa mkono ule kidole kwa kidole. Ulinuka udongo na damu. Gongo haikuwamo hata kidogo. Miaka tisa amewafundisha watu kwamba pombe ndiyo inayopiga, na kwa maneno hayo amemtoa mwanamke alikokuwa salama. Aliona aibu, akaona hasira, akatamani kuutia mkono motoni. Badala yake akaupeleka kwenye kikao cha ukoo.

"Ulikuwa umelewa?" aliuliza Silasi, kaka mkubwa wa Keraryo.

"Haujanywa hata tone."

"Basi umempiga kwa akili zake. Huyo mwanamke ameukosea."

Silasi akaongeza kwamba mkono ule ndio ulioshika kamba za ng'ombe wa mahari, kwa hiyo hauwezi kulala kwenye kabati la mwanamke mwingine. Akaufunga kwenye shuka, akaurudisha kwa Keraryo. Bunda nako, walipoombwa kumpokea tena, walijibu kwamba wanamhurumia sana dada yao, ila ng'ombe wale walishatumika kumwolea mdogo wao mke.

Mwezi uliofuata Getruda alikwenda kumwangalia mgonjwa wake. Keraryo alikuwa amenenepa na macho yamemtakata. Akamkaribisha chakula. Boke akaleta beseni na birika, akamnawisha mgeni, akamnawisha mumewe mkono wa kushoto. Kisha akapiga magoti mbele ya kigoda ulichowekewa ule wa kulia. Akaongeza maji ya moto, akayaonja kwa kiwiko kama anayeogesha mtoto mchanga, akaumiminia polepole, kidole kimoja kimoja.

"Hautakagi ya baridi," alimwambia Getruda, taya likiwa bado limefungwa.

Keraryo akasali, akamshukuru Mungu kwa kumpa mshauri. Mkono ukatangulia kumega ugali. Getruda akafuata.