Vifungo Ishirini vya Mama

Chakacha, chakacha. Alfajiri ile giza lilikuwa halijaondoka, nikasikia vifungo vikitikiswa ndani ya kopo la bati. Kwa kitambo kidogo nikawa mtoto tena, mama yangu yuko kwenye cherehani yake, anatafuta kifungo cha shati la mtu. Kisha nikakumbuka kwamba mama hayupo, mwaka wa tatu sasa, na kopo liko kwangu.

"Kasuku, liweke hilo kopo," nilisema. Kasuku ni binti yangu wa miaka sita; jina linajieleza.

"Nilikuwa nasikiliza tu, mama. Kama vyekundu vina sauti yao."

Nikawasha taa. Usingizi ulikuwa umeshanipaa, maana jioni ya siku ile nilikuwa na mtihani wa marudio wa hesabu. Wakati huo nilikuwa nafagia zahanati. Nikifaulu, wangenihamishia dirisha la kadi za wagonjwa. Nikianguka tena, ni mimi na ufagio mwaka mwingine mzima.

Mara ya kwanza nilipungukiwa alama tatu, na swali lililoniangusha lilikuwa na alama tano. Mfuko una gololi ishirini, tatu kati yake nyekundu. Unatoa moja, unairudisha, unatoa tena. Uwezekano wa zote mbili kuwa nyekundu ni upi? Niliandika tatu juu ya ishirini, zidisha kwa mbili juu ya kumi na tisa. Mwalimu wetu wa darasa la jioni akaandika pembeni kwa wino wa kijani: "Imerudishwa. Soma tena."

Nilikuwa nimelisoma mara nne. Mkono ndio uliokataa.

Mimi nimelelewa chini ya meza ya cherehani. Kifungo cha sare yangu kikidondoka, mama alininyooshea kopo: "Fumba macho, uchague." Kilichotoka ndicho kilichoshonwa. Nikipata cheupe nililia, nikiomba nikirudishe nijaribu tena. "Kimeshatoka," alisema, uzi mdomoni, "usinichoshe, we mtoto." Nyumbani kwetu hakuna kifungo kilichowahi kurudi koponi.

Nikavimwaga kitandani. Vyeupe kumi na viwili, vyeusi vitano, vyekundu vitatu. Ishirini, sawa na gololi za mwalimu.

"Haya, chagua, tuandike, urudishe. Mara arobaini. Vyekundu tutarajie sita."

"Kurudisha? Si ulisema bibi alikuwa hataki?"

"Bibi hakufanya mtihani."

"Bibi angefaulu," akasema Kasuku, akafumba macho.

Nikachora jedwali, safu tatu, kila kifungo na kijiti chake. Alipochoka mkono nikachota mimi, kikatoka chekundu, na kwenye tundu lake kumenasa kipande cha uzi wa mama. Vidole vikagoma. Kasuku akanifungua kiganja, kidole kimoja kimoja, akakidondosha koponi mwenyewe.

Tukamaliza. Vyeupe ishirini na viwili, vyeusi kumi na kimoja, vyekundu saba.

"Ulisema vyekundu vitakuwa sita."

"Nilisema tutarajie sita. Kopo halijasoma darasa la jioni. Ila tukichota mara elfu, litasogea karibu na hesabu yangu."

"Tuanze?"

"Nenda kanawe uso."

Jioni swali lilikuja limebadili nguo: kadi ndani ya boksi, na kadi inarudishwa. Nilivikumbuka vile vidole vidogo vikifungua vyangu. Nikaandika ishirini chini, na mara ya pili ishirini tena.

Wiki mbili baadaye walibandika matokeo. Sabini na moja. Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia, nikamkuta Kasuku mlangoni, sare yake iko wazi shingoni, kifungo cha juu kimedondoka shuleni. Nikachukua sindano ya mama. Nikamnyooshea kopo.

"Fumba macho, uchague."

Kikatoka cheusi. Akakitazama sana, na nilijua alikuwa anataka kipi.

"Nirudishe?"

"Leo hapana. Hiki tunashona."

Nikakaa nikisubiri alie kama nilivyokuwa nikilia mimi. Akainama, akachungulia ndani ya kopo, midomo ikihesabu polepole.

"Vimebaki kumi na tisa, mama, na vyekundu bado viko vyote vitatu."