Mji Ambao Véronique Hakutaka Kuukana

Véronique aliposhuka kwenye basi pale stendi ya Kamembe, mpakani na Bukavu, sanduku mkononi, wanawake wa sokoni walimkodolea macho kama aliyefufuka. Kwetu mtu akipanda ndege ya Ulaya amekwenda. Hakuna anayetarajia kumwona tena ila kwenye simu, mashavu yamejaa, theluji nyuma yake. Kurudi kwa hiari yako ni wazimu au ni aibu, na watu wakiachiwa kuchagua huchagua aibu.

"Maman Véro! Bamekufukuza?"

"Nani anifukuze? Nimerudia kwangu," akajibu, akapita.

Huko kwake vitu vilikuwa vimeshagawanywa. Hilo ndilo kosa ambalo ukoo ulilifanya kwa moyo mweupe kabisa: walipomsindikiza walijua harudi, basi wakakaa kikao wakagawana. Kitanda kilivuka mpaka kwenda Bukavu kwa shemeji yake, Mzee Mukengere. Vitenge vilikuwa vimevaliwa hadi vikapauka. Na kwenye meza yake ya samaki sokoni, ile aliyoipigania tangu mumewe afariki, alikuwa amekaa Eugénie, mke wa mwanawe Adrien, akipima sambaza wakavu, dagaa wa ziwani, kwa kopo la Véronique mwenyewe.

Véronique hakulia. Alitandika mkeka chumbani, akakaa, akawaza Bruges, ule mji wa Ulaya.

Alikuwa amekwenda kwa bintiye Antoinette aliyejifungua, maana kwetu mzazi hakandwi na mtu baki, mama yake yupo. Kazi hiyo aliifanya vizuri. Lakini mchana mtoto akilala, Antoinette alimwambia atoke anyooshe miguu, na miguu hiyo ndiyo iliyomponza. Maji yametulia katikati ya nyumba za matofali, mapaa yamekatwa ngazi ngazi, na kengele za mnara zinaimba wimbo mzima badala ya kugonga tu. Siku ya kwanza alipotea njia, na kwa mara ya kwanza maishani alifurahi kupotea.

Kisha siku moja akamkuta fundi juu ya jukwaa, mbele ya nyumba kongwe kuliko nchi nyingi. Alikuwa akisafisha tofali kwa brashi ndogo. Tofali moja! Véronique alikaa ukingoni mwa mfereji akamtazama mpaka alipolimaliza na kuhamia la pili. Kwetu ukuta wa namna ile ungeshapigwa nyundo zamani. Machozi yakamtoka, akajikasirikia kwa kulia barabarani. Alikuwa mjane mwenye magoti mabovu, na hapa alikuwa amefika mahali ambapo uzee si sababu ya kuondolewa njiani. Akaupenda mji ule kama msichana, bila haya.

Antoinette alimsihi viza ikiisha abaki tu, ajifiche, karatasi zitajulikana mbele ya safari. Akakataa. Huwezi kuufaidi mji huku unajibanza ukutani kila ukimwona polisi. Atarudi nyumbani kwa wakati wake, auze samaki, ajikatie tiketi, aingie tena kichwa juu. Na mwaka mwingine tena. Ndiyo maana aliihitaji ile meza. Bila meza hakuna tiketi, na bila tiketi Bruges ingebaki ndoto ya bibi kizee.

Kikao kiliitishwa Jumapili baada ya misa. Mzee Mukengere alikuja na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kwa sababu kwao neno la ukoo halijafungwa mpaka wote wamenywa kwa mrija mmoja.

"Véronique, meza tutakurudishia," alisema. "Na kitanda pia. Lakini uape hapa kama hautaenda tena kule. Mwanamuke wa miaka yako anatafuta nini kwa Bazungu? Batu banatucheka. Unywe, maneno iishe."

Kibuyu kikamfikia. Ilikuwa rahisi: avute funda moja, apate meza, halafu aondoke zake wakati ukifika. Wangapi wamekunywa kile kibuyu huku wanaongopa? Adrien alikuwa akimkonyeza anywe. Véronique akakirudisha kibuyu kikiwa vilevile.

Hakuna aliyewahi kuona mjane akifanya hivyo mbele ya wazee.

"Sitakunywa, Mzee. Ile muji niko naipenda. Ni mubaya? Basi, ni mubaya. Nitaenda, nitarudia, nitaenda tena. Nikikunywa nitakuwa nimekuongopea weye na marehemu ndugu yako."

"Basi meza hautapata."

"Nimesikia."

Kesho yake asubuhi alishuka Cyangugu, akanunua sambaza ufukweni mwa ziwa, akapanda nao sokoni. Alitandika gunia chini, mbele kabisa ya meza yake mwenyewe, akaketi. Magoti yalimuuma vibaya. Akaanza kuita wateja kwa sauti ile ile waliyoizoea, hana wasiwasi. Wateja wa zamani walisimama katikati, hawajui waende upande gani, kisha mmoja mmoja wakainama kwake.

Eugénie alivumilia mpaka jua likawa kali. Hatimaye aliiacha meza akaja kusimama mbele ya gunia.

"Maman, ukuje ku meza. Batu banatuangalia."

"Kama ni ju ya batu, niache hapa."

Eugénie akachuchumaa. Alikuwa na hasira, alikuwa na aibu, na udadisi ulikuwa umemshinda vyote viwili.

"Ile muji iko muzuri kweli?"

"Inapita vile ninasema."

Mkwe alichezea samaki kwa kidole. Sokoni kelele ziliendelea, mtu akatukana pikipiki iliyompita karibu. Eugénie akainua macho.

"Tuuzishe bote bawili, basi. Ile siku utaenda, miye nitachunga meza. Lakini Maman, utarudia? Banasema muntu akifika Ulaya harudiaka."

Véronique akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi.

"Eugénie," akasema, "sasa hivi unaongea na nani?"