Fremu Bila Jina Haitoki

Fundi seremala wa kituo cha watoto wenye ulemavu alimpima mjukuu wangu siku ileile tuliyoomba: kisigino hadi goti, goti hadi nyonga, nyonga hadi kwapa. Chiriku, kama tulivyomwita kwa domo lake, akamwambia, "Babu fundi, usinibanie, nataka nimzidi bibi urefu." Wiki haikuisha, fremu ya kusimamia ikawa tayari, ina sponji za magotini na mkanda wa kifuani. Mtoto asiyeweza kusimama hufungwa humo akasimama, ili miguu isijikunje moja kwa moja.

Nikaenda kuichukua. Mkurugenzi akasema haiwezi kutoka bila jina.

"Jina la nini, mwanangu? Hizo si mbao tu?"

"Bibi, hii ni ya kwanza ya aina yake. Kila kifaa kinachotoka hapa kina kibao cha jina. Ndio utaratibu wetu. Vuta subira."

Nilivuta subira mpaka ikakatika. Kamati ilikaa. "Tumaini" likakataliwa, maana magongo yalishaitwa hivyo. "Nguzo" lilikaribia kupita, mjumbe mmoja akasema watu watadhani watoto wanafungwa nyaya za umeme. Wakaahirisha. Mvua zikaja, zikaondoka, zikaja tena. Fremu ilikaa stoo imefunikwa shuka safi, na Chiriku akakaa kwenye mkeka wangu. Dada wa mazoezi ya viungo pale kituoni alinifundisha kumnyoosha, akanionya waziwazi kwamba magoti yakishakaza, hakuna mkono utakaoyarudisha. Kila nilipokwenda kuuliza niliambiwa jina liko mbioni. Jina likimbie, mtoto asisimame!

"Mke mwenzangu," Chiriku aliniambia siku moja nikimkanda, "twende tukaiibe."

"Nani ataibeba?"

"Wewe. Mimi nitapiga kelele ili wakimbie."

Tulicheka, ingawa mimi nilikuwa nataka kulia.

Hatimaye wakatuita. Viti vilipangwa uani, maua yakawekwa mezani, kibao cha shaba kikang'aa. Mkurugenzi akatangaza kwamba kamati, kwa kauli moja, imeamua fremu iitwe "Chiriku", kwa heshima ya mtoto aliyetengenezewa ya kwanza. Makofi yakalia. Nikambeba mjukuu wangu hadi mbele, dada wa mazoezi akamweka ndani. Sponji za magotini zikamfika kwenye miundi. Mkanda wa kifuani ukamkaa tumboni. Magoti yenyewe hayakunyooka. Dada akayasukuma taratibu, mtoto akauma midomo, dada akaacha. Alinitazama, kisha akatazama chini, nikajua tumechelewa.

"Huyu amekua!" mkurugenzi akasema huku akicheka. "Hilo nalo la kushukuru."

Nilimbeba mgongoni mtoto wangu. Mpiga picha alikuwa bado anasubiri, kwa hiyo mgeni mmoja akamtoa mwanawe mdogo, mzima wa miguu, wakamfunga humo. Yule mtoto alikuwa analegealegea kwenye mkanda, anacheka, hajui afanye nini na miguu yake mizuri.

"Simama vizuri, wewe!" Chiriku akamfokea kutoka mgongoni kwangu. "Ukilegea watasema Chiriku hajui kusimama."