Kopo Bila Kilima

Mpishi wa shule ya chekechea, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mwiko, aliitwa ofisini Jumanne asubuhi hata uji haujachemka. Mwalimu mkuu hakumzungusha. Alimwambia kwamba hela ya chakula wanayotoa wazazi ni ile ile ya mwaka jana, ila bei ya unga imepanda mara tatu tangu wakati huo. Jumatatu ijayo, kama stoo haina unga wa wiki nzima, jiko litafungwa na watoto watakuwa wanarudishwa nyumbani saa nne.

"Watoto arobaini, mwalimu," Bi Mwiko alisema. "Wangapi hapa wanakuja kwa ajili ya herufi, na wangapi wanakuja kwa ajili ya uji?"

Mwalimu mkuu alijua jibu, ndiyo maana alikuwa anaangalia nje ya dirisha.

Mwingine angelia, au angeenda kumsimulia jirani apate wa kulia naye. Bi Mwiko alifunga kibwebwe. Alikuwa mtu wa kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa kumsifu, ingawa mbele kidogo mtaona kichwa hicho kilimfikisha wapi. Alirudi jikoni, akakoroga uji wake, na kabla sufuria haijaoshwa alikuwa ameshapiga hesabu.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Mtaa mzima ulinunua unga dukani kwa kopo, leo moja, kesho moja. Ukichukua bei ya makopo hamsini ya dukani, kule kwenye ghala la jumla unapata gunia zima, na gunia zima lina makopo themanini. Yaani watu walikuwa wanalipia unga ambao hawajawahi kuuona. Kila mtu alilijua jambo hilo kwa mbali, kama unavyojua kwamba paa linavuja ukiwa umelala upande usiovuja, lakini nani alikuwa na hela ya gunia zima mkononi kwa siku moja?

Siku tatu zilizofuata Bi Mwiko alipita mlango kwa mlango na wifi yake, msusi mwenye mdomo mrefu kuliko nywele zote alizowahi kusuka. Maneno yalikuwa machache: toa bei ya makopo mawili, Jumamosi upokee makopo matatu. Wapo waliocheka. Wapo waliouliza kama huo si ule mchezo wa kupanda hela ikaota hela. Fundi viatu, aliyekaa na sanduku lake pale penye kona na ambaye hakuna senti iliyopita mtaani bila yeye kuisindikiza kwa macho, alimhoji nusu saa nzima, akataka kujua gunia litabebwa na nani, litafunguliwa wapi na mbele ya nani. Mwishoni alitoa hela yake akiwa amekunja uso kama anang'olewa jino. Alipotoa yeye, wengine walifuata. Kufikia Ijumaa nyumba ishirini na tano zilikuwa zimechanga.

Sasa hapa ndipo palipo na jambo. Makopo matatu kwa nyumba ishirini na tano ni sabini na tano, kwa hiyo katika themanini yanabaki matano. Makopo matano ni uji wa siku moja na kidogo, wala si wa wiki. Bi Mwiko alilala na hesabu hiyo, akaamka nayo, akaoga nayo. Halafu akakumbuka kilima.

Pale dukani, kama kwenye maduka yote ya mtaa ule, kopo halikujaa mpaka lipitilize. Muuza duka alizamisha kopo ndani ya unga, akalitoa likiwa na kilima juu, na mteja alisimama akikiangalia kile kilima bila kupepesa mpaka kiingie mfukoni mwake. Kopo bila kilima halikuwa kopo. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo mahali popote, na hakukuwa na haja. Hata yale makopo themanini ya gunia yalikuwa makopo ya kilima. Ukiyapima bapa, ukapitisha rula juu, gunia hilo hilo linatoa mia.

Mia ukitoa sabini na tano, yanabaki ishirini na tano. Chungu cha watoto kilikula makopo bapa manne kwa siku, ishirini kwa wiki. Bi Mwiko alikaa kitandani akatabasamu peke yake. Aliwaahidi watu makopo matatu, na makopo matatu watapata. Nani alitaja kilima?

Kwa nini hakuwauliza tu? Kwa sababu aliwajua. Ukiwauliza watu ishirini na tano, watataka kikao, na kikao kitataka mwenyekiti, na mwenyekiti atataka soda. Jumatatu haingesubiri hayo yote. Hata wifi yake hakumwambia. Wifi akijua jambo asubuhi, vichwa sita vinakuwa vimelijua kabla ya saa sita.

Jumamosi gunia lilifika kwa mkokoteni, likafunguliwa uwanjani mwa shule mbele ya watu wote, kama fundi viatu alivyotaka. Bi Mwiko alisimama na kopo mkono wa kulia na rula ya mbao ya darasani mkono wa kushoto. Alizamisha, akatoa, akapitisha rula, kilima kikaangukia ndani ya gunia. Watu walitazamana. Fundi viatu aliuliza kilima kimekwenda wapi. Bi Mwiko alimjibu kwamba hapa si dukani, hapa ni shuleni, na shuleni vitu hupimwa kwa rula. Watu walicheka, na kicheko kile kilimsaidia zaidi kuliko alivyostahili. Foleni ilisogea. Walikuwa wamezoea kununua kopo moja moja, na kuona matatu yakimiminwa kwa pamoja kwenye mfuko mmoja kuliwafurahisha. Saa tano uwanja ulikuwa mtupu, umebaki na Bi Mwiko, wifi yake, na gunia lenye unga wa kufika magotini.

Alikuwa analifunga mdomo wakati bibi wa nyumba ya mwisho aliporudi. Huyu alikuwa ajuza aliyekula chumvi nyingi, anaishi peke yake, anatembea akishika ukuta. Alishika mfuko wake kwa mkono mmoja na kopo lake la nyumbani kwa mkono mwingine.

Hakuja kugomba. Alieleza taratibu kwamba amefika nyumbani, akauhamisha unga kwenye chombo chake kwa kopo lake mwenyewe, yamefika mawili, na la tatu halikufika hata nusu. Alisema huenda macho yake ndiyo mabovu. Halafu macho hayo mabovu yakaliona gunia, na unga uliokuwa ndani yake.

"Mwanangu," alisema, "mimi ni mtu mmoja, sina mdomo wa kulisha. Naweza kurudi nyumbani nikanyamaza. Nataka unijibu tu. Ulinipima hivi kwa kutojua?"

Wifi alikuwa ameshafungua mdomo. Wifi alikuwa na uongo wa kila saizi, na kwa hakika angetoa mzuri. Bi Mwiko alimshika mkono. Alitazama vidole vyake vyeupe kwa unga, akaona haya ambayo hakuwahi kuiona tangu alipokuwa msichana.

"Nilijua, mama," alisema. "Nilikusudia."

Alimweleza habari ya jiko na Jumatatu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu wala hakumsamehe. Alisema tu kwamba angeombwa angetoa, na kwamba si mara nyingi mtu wa umri wake anaombwa kitu, kwa kuwa watu hudhani hana. Akashika ukuta akaanza kuondoka, na Bi Mwiko akamfuata na kopo, akamtilia kwenye mfuko ule unga uliopungua mpaka haki yake ikatimia, na vilima vyake vitatu.

Kuanzia hapo wifi alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka. Bibi hasemi na watu, alisema. Fundi viatu amechekeshwa, amesahau. Unga uko hapa, watoto wapo kule, kosa la nani? Na yote hayo yalikuwa kweli. Bi Mwiko alijua kwamba akinyamaza, Jumatatu uji upo. Akisema, uji haupo, na jina lake pia halipo.

"Wifi, nikiupika unga huu nitawaangaliaje wale watoto?" alisema. "Mama zao ndio niliowapunja."

Akapiga moyo konde, akaanza na mlango wa kwanza.

Nisiwafiche, ilikuwa safari chungu. Katika kila nyumba alisema maneno yale yale: niliwapima bapa kwa makusudi, nilitaka unga wa shule, sikuwaomba, leteni mifuko yenu niwatimizie.  Mama mmoja, ambaye watoto wake wawili walikula uji wa Bi Mwiko kila siku, alimwambia kwamba afadhali angeiba kwa tajiri. Fundi viatu aliweka chini kiatu alichokuwa anakishona, akamwambia kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba yeye alikiona kile kilima kikianguka, akauliza, akafanywa kichekesho, na kwamba mwizi anayechekesha ni mwizi tu. Alipomaliza, Bi Mwiko alimkumbusha aje na mfuko.

Walikuja wote. Moyoni, na hili hakuwahi kumwambia mtu, Bi Mwiko alitarajia kwamba wakishasikia habari ya watoto wangesema basi, acha tu, upeleke jikoni. Hakusema hata mmoja. Walisimama kwenye foleni wamenuna, wakapokea vilima vyao vitatu vitatu, wakaenda zao. Fundi viatu alikuwa wa mwisho, akadai na nyongeza. Akapewa. Gunia lililegea mpaka chini, likabaki na makopo matano ya kilima kasoro ile nyongeza, siku moja na kidogo.

Jumapili Bi Mwiko aliamka na nia ya kwenda ghalani kuomba gunia kwa kuweka rehani cherehani yake. Alikuwa ameshaifunga kwa shuka, anasubiri mtu wa mkokoteni. Alisema kama hawamtaki, hawamtaki, lakini chungu hakina kosa. Wifi alimwambia amechanganyikiwa, kisha akamsaidia kukaza fundo.

Aliyebisha hodi hakuwa mtu wa mkokoteni. Alikuwa fundi viatu, ana ndoo kichwani, na nguo zake nyeusi zimekuwa nyeupe mpaka kifuani. Aliitua ndoo mlangoni bila kuingia. Alisema amepita nyumba zote tangu asubuhi. Kila mwenye nyumba ameulizwa mlangoni kwake, kwa hiari yake, na aliyekubali ameletewa kopo na rula, akatazama kilima chake kikianguka ndani ya ndoo kwa macho yake mwenyewe. Nyumba kumi na tisa zimekubali. Sita zimekataa, na yeye hatazitaja, kwa sababu kukataa si kosa. Vilima vya nyumba hizo, ukijumlisha na ule unga uliobaki kwenye gunia, vinafika makopo bapa ishirini na nusu. Amehesabu mara mbili.

"Na mimi ni katika wale kumi na tisa," aliongeza, kama mtu anayekiri ugonjwa. "Pamoja na ile nyongeza."

 Wifi alianza kulifungua fundo la shuka.

"Kuna neno jingine," fundi viatu alisema. "Tumekubaliana kwamba gunia linunuliwe kila wiki, na tupime bapa, cha juu kiende jikoni kwa anayetaka. Lakini wewe hutapima tena, mama. Wala hela hutashika. Nitapima mimi, na bibi wa nyumba ya mwisho atakaa pale aangalie."

Lilimchoma. Mpango ulikuwa wake, na miguu iliyopita mlango kwa mlango siku tatu ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyejua njia ya ghalani na jina la mtu wa kupunguza bei. Alikuwa na maneno mazuri, ya haki kabisa, na kama angeyatoa sidhani kama fundi viatu angekuwa na jibu. Aliitazama ndoo. Ilikuwa imejaa sawasawa, hakuna punje iliyomwagika njia nzima.

"Jioni uje shuleni uupime mbele ya mwalimu mkuu," alimwambia. "Mimi nitasimama kando. Na kesho nitapika."

Fundi viatu aliinama kuinyanyua ndoo. Ilikuwa nzito kwa mtu mmoja, na alikuwa ameshaibeba mtaa mzima. Bi Mwiko alinyoosha mkono kushika upande wa pili, kisha akausimamisha mkono huo hewani, akauliza kwanza.

"Nikusaidie?"

Fundi viatu akamsogezea mshikio.