Hita ya Lori la Mama Boke

Ndani ya lori lake, Mama Boke alikuwa amekalia sanduku langu la spana, na hakukusudia kunyanyuka kabla hatujafika Bunda. Huko angelikabidhi kwa fundi Burito, liwe malipo ya kulitibu lori ambalo, kwa maneno yake, mimi nimeliua.

"Una nafasi mpaka Bunda, Masatu," alisema. "Uone ugonjwa. Usipouona, sahau spana."

Fundi bila spana ni mzungumzaji tu, na Musoma wazungumzaji tunao wa kutosha.

Wiki moja nyuma, pale gereji kwangu Kitaji, niliichomelea rejeta yake, ile ya kupozea maji ya injini, iliyokuwa inavuja. Siku ya tatu lori likachemka. Kosa la nani? La aliyegusa mwisho. Lori lenyewe marehemu mumewe alilinunua mnadani, ushirika ulipoanza kuuza magari yake na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia kwenye pamba. Lilinizidi umri. Dereva, Stanislausi, mdogo wa marehemu, alilipenda kuliko alivyonipenda mimi, ingawa kunishinda kwenye mashindano hayo si kazi.

Tulipakia pamba Butiama. Kilima cha kwanza tu, mshale wa joto ukaanza kupanda.

"Huo, unapanda," Stanislausi alisema, kwa furaha ya mtu aliyebashiri msiba ukatokea.

Nikavuta kijiti kimoja kwenye dashibodi, ambacho nadhani hakuna mkono uliowahi kukigusa tangu lori litoke Ulaya.

"Unafanya nini?"

"Nawasha hita."

"Jua hili? Shemeji, huyu mtoto amesomaga mpaka akapitiliza!"

Nikamweleza polepole, kama darasa la tatu: hita ni rejeta ndogo, maji ya moto ya injini hupita humo. Ikiwashwa, joto linatujia sisi, injini inapata kupumua. Nikaweka kiganja mbele ya tundu. Upepo ulikuja, hauna joto lolote.

Mama Boke akalegeza kanga shingoni. "Angalau umefanya kitu kimoja cha maana."

"Mama, hiyo ndiyo habari mbaya yenyewe. Injini inachemka, hita ina baridi. Simamisha gari."

Tulingoja injini ipoe. Stanislausi alitaka nifungue mfuniko wa rejeta hapo hapo. Nikamwambia afungue yeye, uso wake hauna cha kupoteza. Ilipopoa nikafungua. Maji yamejaa mpaka shingoni. Mkanda wa feni umekaza. Pampu kavu, haivuji. Nikashika mipira miwili ya hita: wa kuingia bado una moto, wa kutoka umepoa kama mkono wa maiti.

"Maji yapo ila hayapiti," nikasema. "Kuna kitu kimekaa katikati. Naomba bisibisi."

"Sanduku halifunguliwi," Mama Boke akajibu kutoka ndani.

Nikatoa shilingi mfukoni, nikalegeza skrubu ya bana inayoshika mpira kwa ukingo wake. Mpira ulipochomoka, maji hayakuruka. Kilitoka kitu kizito, cheupe, taratibu, kama kinafikiria.

Stanislausi akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Sema basi," nikamwambia. "Umekula hiki tangu umeachishwa ziwa."

"Ugali," akasema. "Wa muhogo."

"Umeiva vizuri kabisa. Bado mboga. Mpishi nani?"

Mama Boke alikuwa ameshuka. Alitazama pamba, akatazama barabara. "Dereva ndiye anayeshinda na gari."

"Mimi?" Stanislausi aligeuka kama kapigwa kofi. "Shemeji! Si uliona tone moja linavuja ukaniambia nikushikie boneti? Ukamimina unga bakuli zima kwenye rejeta uzibe tundu, ukasema marehemu kaka alifanyaga hivyo!"

"Na alifika!"

"Alitia kiganja, akifika anaosha! Nami nimenyamaza siku zote hizi, huyu anatukanwa, kwa sababu lori ni lako. Leo unanisukumia mimi?"

Alinitazama kama vile hata kunitetea kumemtia kichefuchefu. Kisha akachukua madebe, akaenda kutafuta maji huku anatukana.

Nikafungua sanduku bila kumwomba mtu. Plagi ya kutolea maji kwenye injini inataka spana namba kumi na saba. Haikuwepo.

"Iko wapi?"

"Nilimpelekea Burito jana," Mama Boke akasema. "Ajue sitanii."

"Kishika uchumba! Umeniozeshea spana!"

Niliifungua kwa koleo. Nikaosha injini, rejeta na hita, napuliza mipira kwa mdomo mpaka maji yakatoka safi. Ningebeba sanduku langu nirudi Kitaji, lakini namba kumi na saba ilikuwa Bunda. Nikapanda.

Safari hii hita ilipuliza kama tumefungua tanuru. Mshale ukashuka, ukatulia.

"Zima," Mama Boke akasema.

"Kilima bado."

"Masatu, nakufa!"

"Burito utamwambia nini?"

"Arudishe spana."

"Na ugonjwa ulikuwa nini?"

Akajipepea kwa kanga. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Tulipita vijiji viwili hivyo.

"Unga," akasema.

"Wa nani?"

Stanislausi alianza kucheka. "Angalia barabara wewe!" Mama Boke akamfokea. Halafu, kwa sauti ambayo nusura injini iimeze: "Wangu."

Nikapunguza hita nusu. Nusu nyingine ilikuwa ya injini.