Ulimi wa Tano

Kwa siku tatu Mzee Pancras alikaa mbele ya kipaza sauti na ikembe yake, kile kijisanduku chenye ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Aligusa ulimi mmoja mmoja, Irakoze akarekodi. Ulimi wa tano ulikuwa na kipete cha bati, nao ulivuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo.

"Huo ufute," alisema Gidioni, mwalimu wa kwaya. "Unachafua."

"Sauti yangu ni hiyo," mzee akasema. "Melania utotoni hakulala mpaka ausikie."

Melania ni bintiye, aliyeolewa Mabawe. Si mbali na kambi ya Lukole, ila mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na mzee alikuwa amenyimwa mara nne. Sasa kigango cha Mabawe kiliialika kwaya, na majina yote yangeandikwa kwenye kibali kimoja.

"Safari hii utamwona, mzee," Irakoze alimwambia. Gidioni alikuwa amemwapia hivyo.

Irakoze, aliyejifunza kompyuta darasani hapo kambini, aliifanya kazi kwa moyo wote. Aliunganisha kinanda na kompyuta kwa waya, akaingiza sauti za wapigaji wote sita wa kwaya kwenye programu, kisha akagawa vitufe: kushoto ngoma, katikati ikembe, kulia filimbi. Mwanzoni ukibonyeza, sauti ilikuja kwa kujivuta. Akahangaika na mipangilio mpaka kidole na sauti vikaenda pamoja. Aliamini kwamba mpigaji mmoja akiugua, wimbo hautakufa.

Wapigaji waliposikia walicheka sana.

"Mzee, umo humo ndani! Ukitaka kutoka bisha hodi!"

Jumamosi kibali kikaja. Kilikuwa na waimbaji kumi, Gidioni na Irakoze. Mpigaji hata mmoja hakuwemo.

"Tumepewa nafasi kumi na mbili," Gidioni akasema. "Wapigaji wa nini tena? Umewaweka wote kwenye kinanda, dada. Kwa mikono yako."

"Ulijua tangu lini?"

Gidioni aliikunja karatasi taratibu. "Tangu nilipokuomba urekodi."

Mzee Pancras alikuwa amekaa mlangoni pake, shati jeupe limepigwa pasi, mfuko wa karanga za wajukuu magotini. Irakoze alimwamkia, akamweleza. Mzee hakuitikia shikamoo yake. Aliufunga mfuko wa karanga.

"Ule ulimi wa tano, uliufuta?"

"Hapana, mzee."

"Haya. Nenda, gari lisikuache."

Kanisani Mabawe jenereta lilinguruma nje, kwaya ikaimba wimbo wa sadaka. Irakoze akapiga. Ilipofika zamu ya ikembe, ulimi wa tano ukavuma kwenye spika.

Katikati ya wanawake, mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama. Akapita kati ya mabenchi mpaka mbele, akawatazama waimbaji mmoja mmoja. Kisha akaenda kuchungulia nyuma ya spika.

"Baba yuko wapi?"

"Endelea!" Gidioni akanong'ona kwa ukali.

Irakoze aliondoa mikono kwenye kinanda. Wimbo ukanyamaza wote kwa pamoja, ngoma, filimbi, ikembe.

"Tumemwacha Lukole, dada," akasema. "Alikuwa ameshavaa."